Shukrani Ndefu ya Mama Lidia

Ukungu wa mwezi wa sita pale Yakobi hupanda kutoka bondeni, taratibu, kama ng'ombe wanaojua njia ya nyumbani. Humeza kwanza bustani za viazi, kisha mipaina, kisha paa la kanisa, na mwisho ua wa Eveline, ambako mashine yake ya kufumia masweta imewekwa karibu na dirisha. Asubuhi kama hizo Eveline hufuma bila kuona kitu nje, mkono ukienda na kurudi, na mumewe Sadock akiota moto jikoni. Majirani humwita Mama Lidia, kwa jina la binti yao aliyeolewa Iringa. Walikuwapo pia waliomwita Mama Shukrani, lakini hao walimwita hivyo pembeni, huku wakicheka.

Tabia hiyo ya kushukuru aliitoa kwa bibi yake, kule Ipelele alikozaliwa. Walikuwa wakienda kuni pamoja, mteremko mkali, njia ya utelezi, na bibi alikuwa na desturi ya kusimama kila mahali. Wakivuka kijito salama, anasimama. Mzigo ukikaa vizuri kichwani, anasimama. Mbwa wa watu asipowabwekea, anasimama, na kila mara anasema maneno machache kwa Kikinga, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia Nguluvi, yaani Mungu, kwamba ameona. Eveline alipokuwa mdogo alidhani kuna mtu anatembea nyuma yao ndani ya ukungu, na bibi anaongea naye. Mara nyingi aligeuka ili amwone.

Siku moja alimuuliza bibi kwa nini anashukuru kwa vitu vidogo hivyo. Bibi akamjibu kwamba anayekushika mkono usiteleze ndiye yule yule atakayekubeba ukivunjika mguu, na si adabu kumjua siku ya kuvunjika tu.

Eveline alikua na neno hilo, akaolewa nalo, akafika nalo Yakobi. Katika kanisa lao la Kilutheri, kila Jumapili baada ya matangazo, wenye shukrani hupita mbele. Wengine huja na jambo la mtoto aliyefaulu, au mgonjwa aliyetoka hospitali, au nyumba iliyofikia kuezekwa. Eveline alikuja na mayai matatu kwenye kikombe, au viazi kwenye kindoo cha sado, na jambo lake. Alishukuru kwa mvua iliyosubiri mpaka maharage yakaanuliwa. Alishukuru kwa kuku aliyepotea akarudi na vifaranga tisa. Na Jumapili moja alishukuru kwa sindano ya mashine yake, iliyoanguka majanini; alikuwa ameitafuta asubuhi nzima, kisha ukungu ukafunguka kwa dakika moja tu, jua likaigusa ikang'aa, naye akaiokota, ukungu ukajifunga tena.

Siku ya sindano, benchi zima la kwaya lilicheka. Waliziba midomo kwa vitabu vya nyimbo, mabega yakitikisika, na mwinjilisti mwenyewe alitazama sakafu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Eveline aliona. Aliweka mayai yake mezani akarudi kukaa.

Wiki iliyofuata Mzee Hosea alikuja kumtembelea. Hosea alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu mstaafu, mtu mpole, nyumba yake ya tatu kutoka pale. Alikunywa chai, akasifu joto la jiko, akauliza habari za Lidia na wajukuu, akazunguka na maneno kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba gizani. Mwishowe akasema ibada zimekuwa ndefu, na watu wana shughuli zao.

"Mama Lidia," akasema, "haya madogo mshukuru Mungu hapa nyumbani. Kanisani tuletee makubwa."

"Nimesikia, mzee," Eveline akajibu, akamwongezea chai.

Hakukasirika. Aliona haya tu, ile haya ya mtu aliyegundua kwamba kwa miaka mingi amekuwa akiimba nje ya sauti na hakuna aliyemwambia. Kuanzia Jumapili ile hakupita mbele tena. Mwanzoni alishukuru nyumbani, kimya, akiwa kwenye mashine. Kisha ikawa anasahau siku moja, siku mbili, wiki. Yeye mwenyewe, akisimulia siku hizi, husema wazi kwamba Mungu hakumwadhibu wala hakumwondokea. Ni macho yake ndiyo yaliyoacha kutazama. Kuku walirudi, mvua ilisubiri au haikusubiri, na yote yakawa na rangi moja, kama ukungu ulioingia ndani ya nyumba usipate pa kutokea. Miezi mitano ikapita hivyo.

Na katika miezi hiyo Sadock alikuwa akiondoka.

Sadock alikuwa seremala. Nusu ya mabenchi ya kanisa lile yalitoka mikononi mwake. Kusahau kwake kulianza miaka miwili nyuma, kwa nyundo na penseli, kisha majina ya watu, kisha siku moja akauliza huyu Lidia anayepiga simu ni nani. Walikwenda hospitali. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, aliwaeleza kwamba kumbukumbu zake zitaendelea kupungua, kwamba hakuna dawa ya kuzirudisha, na kwamba la muhimu ni kumpenda na kuangalia asitoke peke yake. Miaka ya karibuni ndiyo iliyomtoka kwanza. Ile ya zamani ilibaki chini, mizima. Asubuhi nyingine Sadock aliamka akiwa na umri wa miaka thelathini, akauliza kama baba yake ameshakwenda shamba. Eveline alijifunza kutomrekebisha. Alimwambia, "Ameshakwenda," na kweli baba huyo alikuwa amekwenda siku nyingi.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Eveline alikuwa na masweta arobaini ya shule ya kupeleka Makambako, kwa mwanamke anayeitwa Conjesta mwenye duka la nguo karibu na soko. Walifahamiana miaka kumi. Conjesta ni Mkatoliki, mcheshi, na hapokei sweta bila kulivuta kola mara tatu kuona kama litaachia. Nelly, mama kijana wa nyumba ya jirani, alikubali kukaa na Sadock mpaka mchana.

Kabla ya kuondoka, Eveline alimvisha mumewe sweta lake la kijani lenye mfuko mwekundu. Uzi wa kijani ulikuwa umemwishia alipofika mfukoni, akamalizia kwa mwekundu, akisema ni la nyumbani tu. Sadock alinyoosha mikono kama mtoto, akauliza mkewe anakwenda wapi.

"Makambako," Eveline akasema.

Sadock akalitazama lile neno kama mtu anayetazama kitu alichokidondosha zamani. "Makambako," akarudia. "Stesheni?"

Gari lilikuwa linapiga honi barabarani. Eveline alijibu ndiyo, karibu na stesheni, akabeba mfuko wake akatoka. Baadaye alilifikiria sana jibu lile.

Maana Makambako, stesheni, ndipo maisha yao yalipofungamana. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwenye mkutano wa vijana Bulongwa, wakaandikiana barua mwaka mzima. Eveline alikuwa Mbeya kwa shangazi yake, akijifunza kufuma. Mwaka wa themanini na sita aliandika kwamba anarudi kwa treni, siku fulani, na kama Sadock ana nia ya kweli aje ampokee Makambako. Alisahau kuandika saa. Sadock alipanda lori la mbao kutoka Njombe kabla ya jua, akakaa stesheni tangu asubuhi hadi jioni, na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa ili mgeni wake asilale njaa. Treni ilipoingia na Eveline akashuka, Sadock alikuwa ameviatamia vile viazi siku nzima ndani ya koti, ndiyo maana vilikuwa bado na uvuguvugu. Eveline aliolewa na mtu huyo kwa sababu nyingi, lakini akiulizwa hutaja viazi.

Siku hiyo ya Alhamisi alipeleka masweta yake, Conjesta akavuta kola, wakacheka kidogo, na kabla ya saa sita alikuwa ndani ya gari la kurudi Njombe. Ukungu ulikuwa mzito njia nzima. Magari yaliyokuja kutoka mbele yaliwasha taa, yakatokea kama macho mawili, yakapita, yakafutika. Eveline alisinzia, kichwa kwenye kioo. Katika usingizi ule mwepesi aliona watu anaowajua wakipita kwenye ukungu upande wa pili, mmoja mmoja, wakimpungia mkono, naye hakuweza kufungua dirisha.

Simu ikamwamsha. Alikuwa Nelly, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Shikamoo mama. Mama, baba haonekani."

Alikuwa ameingia ndani kuepua maharage, akasema, si zaidi ya hapo. Alipotoka, kiti kilikuwa kitupu, lango wazi. Amezunguka nyumba, amekwenda barabarani, hakuna. Na sufuria ya viazi imepungua.

Eveline alipofika nyumbani, Mzee Hosea alikuwa ameshapiga kengele ya kanisa. Watu walikuwa wamejaa uani, wengi kuliko alivyotarajia, wenye majembe waliotoka shamba, wanakwaya, na hata Wakatoliki wa upande wa pili wa bonde waliosikia kengele siku isiyo yake. Hosea aliwagawa, hawa kwenye mipaina, hawa barabarani, hawa mtoni. Wakaingia kwenye ukungu wakiita. Sauti zao zilikwenda mbali zikawa laini, na jina la Sadock likasikika kutoka kila upande, kama kwamba ni bonde lenyewe linalomwita.

Eveline alichukua njia ya mtoni, kwa kuwa mtoni ndiko alikoogopa. Maji hayakuonekana, yalisikika tu, yakinong'ona chini ya weupe. Alisimama ukingoni akataka kuomba. Jambo kubwa lilikuwa limemjia, kubwa la kutosha kanisa lolote, na hakupata neno. Alikuwa kama mtu aliyepotea njia ya kisima chake mwenyewe. Alisema, "Ee Mungu," akasubiri, na baada ya hapo pakawa kimya.

Akapiga hatua, udongo ukamponyoka chini ya kiatu. Aliteleza kuelekea kwenye sauti ya maji, mkono ukatapatapa hewani, ukashika mzizi wa mti. Mzizi haukukatika. Alibaki pale amekaa kwenye matope, akiutazama mkono wake, na mdomo wake ukasema wenyewe maneno ya Kikinga ya bibi yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. Alimwambia Nguluvi kwamba ameona. Mzizi tu. Hakushukuru kwa kingine, maana kingine hakikuwapo.

Hakuna kilichotokea hapo. Sadock hakujitokeza kwenye ukungu. Lakini Eveline aliinuka, na alipopanda mteremko aliona kwamba anaweza kuomba, na akaomba njia nzima, kipande kipande: apate mtu wa kumsalimu, awe amevaa viatu, asisikie baridi, akichoka apate pa kukaa. Vilikuwa vitu vidogo vidogo, kwa sababu hakujua kuomba kwa namna nyingine.

Ilikuwa yapata saa nane na nusu Conjesta alipopiga simu. Eveline alidhani ni habari ya masweta, nusura asipokee.

"Mama Lidia," Conjesta akasema, "mzee wako ninaye hapa stesheni. Mzima kabisa. Ila hataki kuondoka."

Alimweleza kwa haraka. Kulikuwa na gunia la mchele, limetumwa na dada yake wa Mlimba, limeteremshwa jana. Kwa kawaida humtuma Sila, mbebaji wake, lakini Sila aliamka na jino limevimba, hawezi hata kusema, ikabidi aende mwenyewe. Akamwona mzee kwenye benchi amekaa peke yake, na haikuwa siku ya treni ya abiria. Angepita. Lakini akaliona sweta, kijani na mfuko mwekundu, akacheka moyoni kwamba ni nani aliyeishiwa uzi, na mkono wake kwa mazoea ukataka kuvuta ile kola. Akaitambua kola. Ndipo akamwamkia mzee na kumuuliza anamngoja nani. Sadock akamwambia anamngoja Eveline, anakuja na treni kutoka Mbeya.

"Nimemwambia twende dukani akapate chai," Conjesta akasema. "Anasema akiondoka, mgeni wake atakuja asimkute mtu."

Eveline alikaa chini pale pale barabarani. Hosea akachukua simu kutoka mkononi mwake, akauliza yaliyobaki, kisha akatuma watu wakapige kengele tena, kuwaita waliokuwa bado wanatafuta. Wao wawili wakapanda gari la Makambako. Hosea alikuwa ameshika kofia yake magotini, akiizungusha.

Ukungu uliishia kabla ya Makambako, ghafla, kama shuka lililokatwa kwa mkasi. Upande wa pili kulikuwa na jua la jioni, upepo, vumbi, na anga kubwa la buluu. Baada ya siku nzima ya weupe, Eveline alihisi kana kwamba ametoka kwenye maji.

Conjesta aliwapokea kwenye lango la stesheni. Kutoka pale walimwona Sadock, amekaa wima kwenye benchi, amechana nywele, na kando yake mwanaume mgeni mwenye koti la mvua. Huyo aliitwa Polikarpo, dereva wa pikapu ya viazi. Asubuhi alikuwa amemkuta Sadock barabarani Yakobi, nadhifu, anayejua anakokwenda, akimwomba lifti mpaka stesheni kumpokea mchumba wake. Polikarpo alidhani ni utani wa wazee. Akampa kiti cha mbele, akamshusha langoni, akaenda kuuza viazi vyake. Lakini moyo haukumtulia. Hakujua kwa nini. Alisema tu kwamba alipokuwa akila chakula cha mchana aliona si vizuri, akarudi kuona kama huyo mchumba amefika. Akakaa naye.

Eveline alianza kwenda kwenye benchi, kisha akasimama. Alimtazama mumewe. Sadock hakuwa akitazama lango. Alikuwa akitazama upande wa reli, kule zinakotokea treni za Mbeya, kwa utulivu wa mtu mwenye miadi.

Eveline akamwomba Conjesta ule mfuko wa masweta aliouacha dukani asubuhi, mtupu. Conjesta alikuwa amekuja nao, amefungia ndani yake kanga; akaitoa, akampa mfuko bila kuuliza. Kisha Eveline akazunguka jengo, polepole, akatokea mwisho wa jukwaa, kule abiria wanakoshukia. Jua lilikuwa mgongoni mwake. Akatembea kando ya reli tupu akiwa na mfuko begani, miguu ina matope ya mto wa Yakobi, na kila hatua ilimtoa mwaka mmoja. Baadaye alisema hakuwa akiigiza. Alisema kwa mwendo ule wa dakika mbili aliisikia treni nyuma yake, ikipumua, na harufu ya mafuta na ya machungwa ya abiria, na alikuwa na miaka ishirini na moja na hofu kwamba huenda hakuna aliyekuja kumpokea.

Sadock akasimama.

"Kamwene," akamsalimu.

"Kamwene," Eveline akaitikia.

"Umechoka na safari?"

"Sijachoka."

Akaingiza mkono kwenye mfuko mwekundu, akatoa viazi viwili kwenye kitambaa cha jikoni. "Nimekuletea viazi," akasema. "Vilikuwa vya moto."

Walikaa kwenye benchi wakala. Vilikuwa vya baridi na havina chumvi. Conjesta aligeukia ukutani. Mzee Hosea alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena, akaenda kusimama mbali kidogo, akitazama reli.

Polikarpo aliwarudisha Njombe kwa pikapu yake. Kiti cha mbele kilitosha watu wawili tu pamoja na dereva, na Hosea hakukubali kujadiliana. Alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia matupu, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, ameshika kofia kwa upepo. Waliporudi kuingia kwenye ukungu, Eveline alitazama nyuma kupitia kioo akaona midomo ya Hosea ikicheza. Hakujua kama anaomba au anaimba. Sadock alikuwa amelala begani mwake kabla hawajafika nusu ya njia.

Waliposhuka Yakobi, Hosea alichelewa kuaga. Alisimama langoni, nguo zake zina vumbi la viazi, akasema kwa shida kidogo kwamba Jumapili apite mbele.

"Itakuwa ndefu, mzee," Eveline akasema. "Na imejaa madogo."

"Ilete yote," Hosea akasema.

Jumapili hiyo Eveline alipita mbele na mumewe. Sadock alibeba mayai, kwa uangalifu mkubwa, akiwasalimu waliokaa kwenye mabenchi aliyoyatengeneza na asiyoyakumbuka. Eveline akaanza mwanzo. Alishukuru kwa sufuria ya viazi, kwa kuwa bila viazi Sadock angetoka na njaa. Alishukuru kwa pikapu iliyopita wakati ule, wala si gari la mtu mwenye haraka. Akashukuru kwa kiti cha mbele. Kwa uzi wa kijani uliokwisha kabla ya mfuko. Kwa kola. Kwa gunia la mchele la Mlimba. Alipofika kwenye jino la Sila, akasema alimwombea apone, na ameshapona, lakini hana budi kushukuru kwamba liliuma Alhamisi, benchi la kwaya likacheka. Naye akacheka. Kisha akaendelea, kwa chakula cha mchana kisichomshuka Polikarpo, kwa kila aliyeacha jembe aliposikia kengele, kwa mzizi. Kanisa likanyamaza zaidi kila alipoongeza kimoja, maana watu walikuwa wameanza kuona. Kila mmoja aliyekaa pale alikuwa akingoja lile kubwa litajwe, na polepole ikawaelea kwamba lilikuwa limeshatajwa. Hapakuwa na kubwa jingine nyuma ya yale madogo. Ukitoa moja tu katikati, Sadock hayupo.

Alipomaliza, mwinjilisti aliyasogeza mayai mezani kupisha nafasi. Mzee Hosea akainuka kwenye kiti cha wazee. Alikuwa na yai moja mfukoni, kwenye karatasi. Akasema yeye anashukuru kwa sababu Jumatano alikuwa ameagiza kengele ifungwe kamba mpya, na fundi akawahi. Akaliweka yai mezani akarudi kukaa. Mwanakwaya mmoja akafuata, na jambo la ndoo. Ibada ile ilitoka saa saba na nusu, na hakuna aliyekumbuka kulalamika mpaka kesho yake.

Sadock hakupona. Eveline hapendi watu wadhani hivyo. Mwezi wa tisa mipichi ilipotoa maua, alikuwa ameacha kuuliza habari za baba yake, na mara nyingine alikaa kibarazani siku nzima akitazama maua ya waridi yakidondoka juu ya matofali, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa mto mpana. Eveline alihamishia mashine kibarazani. Jioni, kabla ya kuingia ndani, humweleza yale aliyoyaona siku hiyo, moja moja, na Sadock huitikia Amina. Kwa kuwa hakumbuki ya jana, kuna jambo ambalo wameshalishukuru mara kumi, na kila mara Sadock hulipokea kwa mshangao ule ule, akitikisa kichwa kwa wema wa Mungu.

Siku moja Eveline alikuwa amechoka. Paa lilikuwa limevuja, Lidia alikuwa na homa huko Iringa, na Sadock alikuwa amemkataa tangu asubuhi, akimwita mama mgeni na kumuuliza kwa adabu kwao ni wapi. Jioni ilifika, naye akakaa kimya mashineni.

Sadock akamngoja. Kisha akaukunjua mkono wake, akaweka vidole vyake vya useremala, vilivyopoa, ndani ya kiganja cha mkewe.

"Leo nami nina shukrani," akasema. Akafikiri kwa muda mrefu, akitafuta. "Kwa mama huyu mgeni. Ana mikono ya joto."

"Amina," Eveline akasema.

Akavishika vidole vile mpaka vikapata moto, ukungu ukianza kupanda kutoka bondeni, kisha akamwinua wakaingia ndani kula.